Pembe ya Kushoto ya Bihogo

"Mashine ya kumshinda Nolasco bado haijatengenezwa."

Maneno hayo aliyasema Nolasco mwenyewe, Jumatatu asubuhi, mbele ya wateja watatu waliokuja kutoa kopi kibandani kwake pale Rubwera, na aliyasema kwa sauti ya kumfikia hata muuza chapati wa ng'ambo ya barabara. Mali yake ilikuwa hii: umri wa miaka ishirini na mitatu, cheti cha kidato cha nne cha kuungaunga, kompyuta ya mezani iliyochoka, printa inayokohoa, na mdomo mpya kabisa.

Aliyemchokoza mpaka akasema hivyo ni Mzee Pastory, bwana mifugo mstaafu kutoka Kituntu. Mzee alikuwa amefungua kitambaa mezani na kutoa kidude cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni, chenye kioo cha kijivu na kijiti cha plastiki cha kuandikia. Lilikuwa daftari la umeme. Alipewa na mradi fulani enzi za kazi, kabla simu hazijajua kupiga picha. Wenzake walishayatupa ya kwao. Yeye aliendelea kuchorea ng'ombe wake humo, kila mwaka, mmoja mmoja: mabaka, mkia, mkunjo wa pembe. Tarehe ilijiandika yenyewe juu.

"Ng'ombe wangu anaitwa Bihogo," mzee alieleza. "Mwekundu, ana baka jeupe begani. Aliibwa wiki tatu zilizopita, nikamkuta huku kwenu, zizini kwa mfanyabiashara mmoja, Eliud. Hereni ya sikioni imenyofolewa. Eliud anasema kamnunua kihalali. Mtendaji wa kata katuita Alhamisi. Kasema nikiwa na picha ya kabla hajapotea, niilete kwenye karatasi, waione wote. Picha imo humu, mwanangu. Lakini humu naiona mimi tu."

"Hesabu imeshatoka, mzee wangu."

"Ni wa mwisho katika uzao wa ng'ombe wa mama yangu, waitu mwanangu. Wengine waliisha kwa ugonjwa. Na ana mimba. Sasa hizo betri, usije uka—"

"Mzee! Betri nilizijua kabla sijaota ndevu. We niachie."

Wateja wakacheka. Mzee naye akacheka kidogo, kwa adabu tu, akaacha kidude na kikalio chake chenye waya, na sidii, na kijitabu chake, akapanda bodaboda akaenda zake.

Kusema haki, mwanzo ulikwenda vizuri. Waya ule ulikuwa na kichwa cha pini tisa, na kompyuta nzee ya Nolasco ilikuwa na tundu la hizo pini tisa, tundu ambalo hakuwahi kujua ni la nini. Akaweka sidii, programu ikafunguka. Akakisimamisha kidude kwenye kikalio chake, akabonyeza, kikaimba kama ndege. Mara kwenye kioo cha kompyuta ikajitokeza picha ya kwanza: ng'ombe jina lake Mugondo, mistari myembamba ya mkono wa mzee, pembe mbili ndefu zimeinuka kama mikono ya mtu anayejinyoosha asubuhi.

"Njoo uone!" akamwita muuza chapati. "Ng'ombe kapita kwenye waya!"

Picha ya pili ilikuwa ya Bihogo. Ulipita mkia, basi. Ikaganda.

Nolasco akasubiri. Akabonyeza. Akabonyeza tena kwa hasira. Kisha akafanya lile ambalo kila fundi wa huku hulifanya kwanza: zima, toa betri, acha kipumzike. Na kwa kuwa alilelewa na redio ya bibi yake, zile betri mbili nyembamba akaziweka juu ya bati zipigwe jua zipate nguvu. Akaenda kunywa chai. Chai yenyewe ilikuwa na maongezi.

Aliporudi na kuzirudisha, kidude kiliamka kikamtazama kama mgeni. Kikamuuliza leo ni tarehe gani. Kikamuuliza yeye ni nani. Akafungua mahali pa michoro: peupe. Akafunga, akafungua. Peupe vilevile.

Hapo ndipo alipokifungua kile kijitabu. Kiingereza chake cha kuungaunga kilimtosha kabisa kuelewa mstari uliokolezwa wino: betri zikikaa nje zaidi ya dakika moja, kila kitu kinafutika.

Ng'ombe wa miaka ishirini, wote kawachinja mara moja bila kisu. Simu ikaita. Mzee.

"Imetoka, mwanangu?"

"Inatoka, mzee. Inatoka taratibu."

"Mungu akubariki. Mama Evangelina, mtendaji, kaniambia bila picha hana la kunisaidia."

Siku mbili Nolasco hakula akashiba. Mlango ukigongwa, anainama chini ya meza. Muuza chapati akimuuliza "vipi ng'ombe wa kwenye waya?" anajifanya anasikiliza printa. Jumatano mchana ndipo akili ikamjia, na kwa mtu mwenye hofu, akili yoyote inayokuja inaonekana nzuri: atamchora yeye.

Akachukua bodaboda hadi zizini kwa Eliud. Bihogo alikuwepo, mwekundu, baka begani, anatafuna kama hajaitwa na mtendaji yeyote. Nolasco akatoa simu, akaanza kumpiga picha kupitia kwenye miti ya zizi.

"We kijana," sauti ikasema nyuma yake. Mama mmoja muuza uji alikuwa amesimama, sufuria mkononi. "Unampiga picha ng'ombe? Umekosa mchumba?"

"Shikamoo mama. Huyu ndiye mchumba. Nampelekea mama yangu amwone."

"Marahaba. Mwambie basi mkwe wake ni kilema. Hiyo pembe ya kushoto unaiona? Hiyo pembe—"

"Mama, naomba usogee. Unanizibia mwanga."

"Haya, baba. Endelea na mchumba."

Jioni ile ile alikaa kwenye kompyuta, akaifungua picha ya Mugondo iwe kielelezo, na kwa kipanya akachora kama mzee: mstari mwembamba, unaotetemeka kidogo. Kutetemeka hakukumpa kazi. Akaweka baka. Akaweka pembe ya kulia, ndefu, na pembe ya kushoto iliyokatika katikati, na ncha zake za mpasuko moja moja, maana alitaka mtu yeyote akiona aseme ndiye, hakuna mwingine. Juu akaandika tarehe ya Machi, mwaka jana. Akachapa. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akapumua.

Alhamisi ofisi ya kata ilijaa. Mama Evangelina alikaa nyuma ya meza, Eliud upande mmoja na Mzee Pastory upande mwingine. Nolasco alitaka kukabidhi karatasi na kutoweka, lakini mzee akamshika mkono akamketisha kwenye benchi. "Kaa, mwanangu. Hii ni kazi yako pia."

Mzee akaikunjua karatasi. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Ndiye, mzee?" mtendaji akauliza.

"Baka ni lake," mzee akasema polepole. "Baka ni lake, lakini..." Akamtazama Nolasco. Nolasco akatazama viatu vyake.

"Tumsikie shahidi wako kwanza."

Akaingia yule mama wa uji. Nolasco akahisi benchi limezama.

"Naitwa Vero," akaanza. "Wiki tatu zilizopita, alfajiri, nilikuwa ndo kwanza nawasha jiko jirani na zizi la Eliud, lori likaja kumshusha huyu ng'ombe. Walikuwa wanamvuta kama gunia. Pembe ikanasa kwenye bomba la lori, ikalia ka! Nikasema huyu si wa kununuliwa kwa amani." Akaingiza mkono kwenye kikapu, akatoa gazeti, na ndani ya gazeti kipande cha pembe. "Nilikiokota."

Mama Evangelina akatoa tabasamu, la kwanza siku ile. "Vizuri sana. Basi picha ya kabla hajapotea itamwonyesha na pembe zote mbili, na kesi imekwisha." Akaichukua karatasi.

Tabasamu likaondoka.

Eliud akachungulia, akapiga makofi. "Pembe imevunjika Machi mwaka jana! Alfajiri ipi hiyo? Mtendaji, mzee huyu kaghushi. Wa kuwekwa ndani ni yeye!"

"Mzee Pastory," mtendaji akasema kwa sauti ngumu, "mchoro huu ni wa mkono wako?"

Mzee aligeukia benchi. Alikuwa anamsubiri mtu aseme, na mtu huyo alikuwa ameinama, anahesabu matundu ya kamba za viatu.

"Nipeni nione," Vero akasema. Akaitazama karatasi. Akainua macho, akayapitisha kwenye benchi polepole, kichwa kwa kichwa, mpaka yakafika mwisho, yakatua.

"Si huyu mwenye mchumba? Mama mtendaji, mwacheni mzee. Huyu kijana alikuwa zizini jana mchana na simu, anampiga picha ng'ombe huyu huyu, na pembe kaichora kama alivyoiona jana. Nilitaka kumwambia habari ya pembe, akaniambia namzibia mwanga."