Maziwa ya Ng'ombe Wasiokuwepo

Saa kumi na mbili asubuhi Noolarami alinawa mikono kwa maji ya vuguvugu, akaweka ndoo katikati ya magoti, akaanza kukamua mahali alipozoea kusimama ng'ombe wake mweusi kabla ya kuuzwa. Maziwa yalitoka. Mwezi uliotangulia, Kasaine, mumewe, alikuwa amewapeleka ng'ombe wote wanne mnadani pamoja na ndama wao, akanunua pikipiki. Noolarami aliendelea kukamua kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache. Kila siku alipata lita kumi na mbili, akaziuza Babati mjini. Na kwa vile hapakuwa tena na samadi ya kuzoa, aliwahi kufika darasani.

Darasa la ujasiriamali lilifanyika kwa majuma sita katika ukumbi wa kukodi karibu na stendi. Mwalimu Konstantini aliwafundisha wanawake ishirini kuandika mpango wa biashara. Ambaye angefaulu angeandikishwa kuwa mmiliki wa biashara yake na kupewa jokofu. Noolarami alilitaka jokofu, lakini zaidi alitaka jina lake liandikwe, kwa sababu kitu kisicho na jina lake kingeweza kwenda mnadani siku yoyote.

Katika juma la tano mwalimu alikuja Nakwa, kijijini kwa Noolarami, kukagua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Kigoda hicho."

Aliketi, akatazama maziwa yakishuka kutoka hewani na kuingia ndooni, akayapima kwa kipimo chake cha kioo. "Hayajatiwa maji," alisema, akaandika. "Ng'ombe wangapi?"

"Hakuna."

Akaandika sifuri. "Mmiliki wa ng'ombe?"

"Mwalimu, umeandika sasa hivi kwamba hakuna ng'ombe."

"Hawapo, mama, lakini nafasi hii haiachwi wazi. Lazima wawe wa mtu."

"Basi andika Noolarami."

Genoveva wa Singe, mwanafunzi mwenzake aliyekuwa amefuata maziwa ya nusu lita, alicheka. "Mama Sankok, ng'ombe asiyekula wala kunya! Niuzie ndama wake nimfuge chini ya kitanda."

Kasaine aliitwa kutoka nyuma ya nyumba, alikokuwa akibishana na pikipiki iliyokataa kuwaka tangu Jumapili. Alieleza kwa utulivu kwamba kwa desturi maziwa ni ya mke na ng'ombe ni wa mume.

"Uliwauza, Baba Sankok," alisema Noolarami.

"Niliwauza waliokuwepo. Hawa wasiokuwepo sijawauza."

Mwalimu aliona hoja hiyo imekaa sawasawa, akaandika jina la Kasaine. Kisha akampa Noolarami kalamu atie sahihi chini, penye neno "msaidizi". Noolarami aliifunika kalamu kwa kifuniko chake, akamrudishia.

"Sikukaa darasani majuma matano ili nije kuwa msaidizi."

Siku ya mahafali Kasaine alivaa koti, akapokea cheti, akapigiwa makofi. Noolarami alisimama, akawaambia waliohudhuria kwamba maziwa yale anayakamua yeye, na anayebisha afike kwake saa kumi na mbili asubuhi. Hakuna aliyebisha, maana wengi wao walikuwa wateja wake. Jokofu likapakiwa kwa jina la Kasaine.

Liliwekwa sebuleni, likaunguruma usiku na mchana. Noolarami hakutia ndani yake hata kikombe kimoja. Kasaine aliamuru, akabembeleza, akaamuru tena.

"Mama Sankok, chai ya rangi mimi siinywi."

"Ng'ombe wako wako pale. Kakamue."

Kasaine alichukua kigoda, akaketi mahali palepale alipoketi mkewe, akaivuta hewa kwa mikono miwili. Alivuta mpaka jua likapanda juu ya Mlima Kwaraa, na ndoo ikabaki kavu. Majirani waliopita walimsalimu, naye akawaitikia bila kuacha kuvuta. Noolarami aliibeba ndoo yake iliyojaa, akapita mbele yake, akayauza maziwa yangali na joto.

Juma lililofuata mwalimu Konstantini alimwalika Kasaine aje kulieleza darasa jipya jinsi alivyofanikiwa. Kasaine alikwenda. Noolarami naye alikwenda, akaketi mstari wa mbele, akainua mkono kabla mumewe hajafungua kinywa.