Chupa ya Ndege kwenye Dirisha la Mwalimu

Florentine alianza na kifuniko cha sufuria. Alikitoboa pembeni, akakifunga kwa waya kwenye vyuma vya dirisha, akamwaga chenga za mchele, na upepo wa ziwa ukazipeleka zote chini kabla hata ndege mmoja hajajua kwamba amealikwa. Akajaribu bidoni, dumu la njano la mafuta, akaikata mlango ubavuni. Hiyo iliwafaa ndege lakini haikumfaa mtu: ndege akiingia ndani, kilichoonekana ni mkia tu, na yeye hakuwa akihangaika ili mume wake atazame mikia.

Mwisho akachagua chupa ya maji, ile kubwa inayoonyesha mpaka ndani. Alipitisha miiko miwili ya mbao ubavuni, juu ya kila mwiko akapanua tundu ili chenga zidondoke polepole, na chini akatoboa vitundu kwa msumari wa moto ili maji ya mvua yasiozeshe chakula. Akaining'iniza karibu kabisa na dirisha, hatua moja kutoka kwenye mto wa kitanda.

Mume wake, Élie, alikuwa amefundisha shule ya msingi hapa Baraka miaka ishirini na minane. Tangu apooze upande wa kulia alikuwa mtu wa kulala, na kilichomuuma Florentine kuliko ule mkono uliokufa ni ukimya. Mtu ambaye sauti yake ilikuwa ikisikika mpaka barabarani, sasa alitazama ukuta na kukataa uji.

Siku ya nne walikuja ndege wawili wadogo wenye midomo myekundu. Élie akageuza kichwa. Wiki ya pili, Florentine akiwa uani anasonga ugali, akasikia sauti nzito, iliyokatikakatika, ikitoka chumbani: "Moya... mbili... tatu." Aliacha sufuria motoni akakimbia ndani. Alilia mbele ya mumewe bila kuona haya, na ugali ukaungua.

Chenga alizipata kwa Rosette, jirani yake mjane, ambaye shamba lake la mpunga lilianzia nyuma ya ua, hatua chache kutoka dirisha lile. Kila Rosette alipotwanga, alimletea bakuli. "Ya kuku zako, Mama Tania," alisema, akimwita kwa jina la binti yake aliyeolewa Bukavu. Kuku walishakufa kwa ugonjwa tangu Pasaka. Florentine alipokea, akashukuru, akanyamaza. Alijiambia ni uongo mdogo, haujai hata bakuli.

Haya, mtu asiyejua mpunga tungemsamehe. Lakini Florentine alikulia kwenye mpunga. Utoto wake wote aliumalizia shambani akifukuza ndege. Alijua kwamba ndege akiona chakula hali peke yake, huleta ukoo mzima. Alijua pia kwamba mpunga wa Rosette ulikuwa umeingia maziwa, ule wakati punje ikibanwa hutoa utomvu mweupe, ambao ndege huupenda kuliko chochote. Asubuhi walianzia kwenye chupa, kumi, ishirini, hamsini, wakingoja zamu juu ya ua. Chupa ikiisha, hawakurudi walikotoka. Walishuka shambani.

Rosette akaanza kutoka kabla ya jua. Alisimika vijiti, akafunga makopo, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Na bado jioni, miguu ikiwa na matope, alipita kumsalimia mwalimu.

"Pembe yote ya huku kwenu imebakia majani tu," alisema jioni moja. "Kosa iko yangu. Nilienda ku kilio kule Kazimia siku mbili, ndege zikapata njia."

Florentine alikuwa na neno mdomoni. Likatoka lingine: "Pole, dada. Ngoja nikuletee chai."

Kesho yake akaitoa chupa. Élie alitazama dirisha tupu tangu asubuhi mpaka adhuhuri. "Wapi?" aliuliza, kisha akaugeukia ukuta, na uji ukapoa. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Florentine aliining'iniza tena, na sasa hakuweza kujidanganya. Alikuwa amechagua. Alikuwa akimlisha mumewe furaha kwa chakula cha mwaka cha mwanamke mwingine, na mwanamke huyo hakuacha kumletea chenga. Aliona aibu hata kuosha lile bakuli.

Jumamosi asubuhi Rosette aliingia na kamba ndefu begani. Alipita moja kwa moja hadi chumbani, akaitazama chupa, akaifungua waya taratibu, akaiweka chini. Florentine alisimama mlangoni. Rosette akapitisha ncha ya kamba katikati ya vyuma vya dirisha, akatoka akaifunga kwenye makopo ya shambani, kisha akarudi akamzungushia Élie ncha ya pili kwenye mkono wa kushoto, ule mzima.

"Mwalimu, vuta."

Élie akavuta. Kule shambani makopo yote yakalia kwa pamoja, na ndege wakanyanyuka kutoka kwenye mpunga wakajaa dirisha zima.

"Mingi," Élie akasema. Akavuta tena bila kuambiwa, na upande mmoja wa mdomo wake ukacheka.

"Sasa uko na kazi," Rosette akamwambia. "We utalinda huku, mi nitalinda kule chini."

Florentine alimfuata mpaka uani. "Dada Rosette, kuko kitu mi..."

"Najua. Tangu siku ile mwalimu alihesabu. Nilikuwa shambani, nikamusikia, nikafurahi kama we."

"Sasa kwa nini haukuniambia?"

"Nilikuwa nangojea we useme." Rosette alizungumza kwa upole, na hilo ndilo lililoumiza. "Ungeniomba, Mama Tania, ile pembe ningemupa mwalimu. Ningesema hii ni ya ndege zake, mi nilinde ingine. Lakini haukuniomba."

Florentine alitamani atukanwe. Rosette alikuwa ameshashuka shambani, ameinama kwenye ile pembe iliyoliwa, akitafuta masuke yenye punje, moja moja. Florentine akavua viatu, akaingia kwenye matope, akainama kando yake. Rosette hakumkataza, wala hakugeuka kumtazama.