Jibu la Tatu

...ama ni hapana, anasema Barasa, mkalimani wa afisa Mzungu, ni ndiyo ama ni hapana, mwalimu, usilete maneno mingi, na jua la Ruiru linanichoma utosi, na mbele yangu amekaa yule mtu aliyevikwa gunia mpaka kiunoni, matundu mawili ya macho tu, tusimjue anayetuchongea, akitikisa kichwa unapandishwa lori la kambi ya kizuizini, na ninaloulizwa ni dogo, nilikula kiapo cha kuwafukuza Wazungu au sikula, nami sijui niseme nini, maana jioni ile Kiganjo nilikuwa nimeinama chini ya upinde wa majani ya migomba, ambao kuupita ndiko kuapa, kichwa kimeshapita, miguu haijapita, mtu akapiga kelele, askari! tukatawanyika kama kuku, sasa hapo nimeapa au sijaapa... chembe ya umeme, ndivyo nilivyowafundisha wanafunzi wangu Thika, ukiiwekea ukuta wenye milango miwili, ni kweli ilipita huu au ule, lakini huwezi kusema ni kweli ilipita huu, wala kwamba ni kweli ilipita ule, na wako wataalamu wasemao kosa si la chembe, kosa ni la mantiki yetu inayojua kweli na uongo tu, tuongeze thamani ya tatu, isiyo kweli wala uongo, jamani nilivyoipenda fikra hiyo, nililala nayo nikaamka nayo, nikamweleza mke wangu Ngendo, naye akaendelea kumenya viazi, akasema, Baba Njambi, mimi nauliza kitu moja tu, watakuchukua ama hawatakuchukua... Wewe, jibu! anafoka Barasa, na Ndung'u, aliyenitangulia kwenye foleni, yeye alijibu sijui, akasukumwa lori lile lile la waliosema ndiyo, namwona kule ameshika vyuma kwa mikono miwili, basi hiyo ndiyo thamani ya tatu, haina hata lori lake lenyewe, na waliosema hapana gunia lilitikisika wakapanda vilevile, sasa nahangaika na nini, nachagua nini... chembe labda haijui inakokwenda, lakini mimi nilijua, niliinama mwenyewe, hakuna aliyenishika shingo, na ile kelele ilipopigwa, kabla sijaogopa, nilikasirika kwamba sijamaliza, ee Mungu, nilitaka kumaliza, hilo ndilo jibu, limekuwepo tangu Kiganjo nami nimelifunika kwa fizikia, na Ngendo alilijua, ndiyo maana hakuinua macho kwenye viazi, sasa nami nalijua na haliniokoi, nimechelewa hata kujivunia, na Barasa anasema tena, polepole, karibu kwa huruma, ni ndiyo ama ni hapana, mwalimu, na lile gunia bado halijatikisika, linanitazama tu.