Nafasi Moja ya Kisian

Ijumaa ya mapumziko ya katikati ya muhula, mabasi mawili yaliwabeba wasichana wote wa shule ile iliyo mbele kidogo ya Kombewa, yakamwachia Akello Ondiek nchi nzima. Nchi yenyewe ilikuwa na mabweni manne, bwalo moja, kuku wa Klabu ya Kilimo, mlinzi wa lango, na metroni. Akello aliikagua yote, mikono ameifunga nyuma, kama mkuu wa wilaya anayetazama hasara ya mafuriko. Kuku peke yao ndio waliotoka kumpokea.

Mlinzi alimuuliza safari hii amefanya nini. Swali halikuwa la dharau. Kila mara shule ilipomzuilia mtu, mtu huyo alikuwa Akello, na kila mara palikuwa na sababu. Ndiye aliyeivika kengele ya shule soksi ya sufu, shule nzima ikaamka jua likiwa limepanda, na dada mkuu akalia akidhani Bwana amekuja na kumwacha. Akello alimjibu mlinzi kwa unyenyekevu mkubwa kwamba safari hii amezuiliwa kwa heshima. Mlinzi alicheka hadi akalazimika kukaa.

Lakini ilikuwa kweli. Jumatatu angehojiwa kupitia kompyuta ya shule na wanasayansi wa kituo cha utafiti pale Kisian, na kwao Awasi hapakuwa na mtandao wa kuaminika. Wakimkubali, likizo nzima ya Agosti angekaa Kisian, apewe chumba, koti jeupe na mtafiti wa kumfundisha kazi, na mwaka ujao wamlipie gharama za kuuendeleza utafiti wake. Neno hilo, utafiti wake, lilikuwa na kasoro ndogo. Utafiti ulikuwa wa watu wawili.

Ulianza na wale wadudu ambao ziwa huwatoa kwa mafungu, wakapanda angani kama moshi wa nyumba inayoungua, kisha wakahamia kwenye chai, masikio na vitabu vya dini. Wajaluo huwaita sam. Jioni moja Akello aliwakusanya ndoo nzima chini ya taa ya bwalo, kwa nia safi ya kuujaza mto wa kiranja wa bweni. Subira Mukhtar, jirani yake wa dawati, aliinama juu ya ndoo ile, akasukuma miwani yake, akasema, "Hiki ni chakula cha kuku." Kiranja alilala salama usiku ule bila kujua ameokolewa na sayansi.

Kuanzia hapo waliwakausha wadudu juu ya mabati, wakawasaga, wakawapa nusu ya kuku. Nusu nyingine ilikula chakula cha dukani chenye omena, wale dagaa wa ziwani. Kila Jumamosi waliwapima kuku wote. Kazi ya Akello ilikuwa kumshika kuku na kuongea na wageni. Kazi ya Subira ilikuwa kila kitu kingine. Alimnong'oneza kila kuku kabla ya kumpima, na kuku aliyenong'onezwa hakupiga mabawa. Mwisho wa muhula kuku wa sam walikuwa na uzito uleule wa kuku wa omena, na Subira akasema basi omena waachiwe watu. Akello aliona sentensi hiyo ni nzuri, akaanza kuitumia kwa wageni.

Kisha Mwalimu Aloo, wa biolojia, akaja na habari za ufadhili ule wa Kisian. Shule moja, mwanafunzi mmoja. Aliwaita mbele ya ofisi ya walimu, akawaambia hataki kuchagua kati ya watoto wake, waamue wenyewe.

Akello aligeuka papo hapo. "Enda wewe," alimwambia Subira, na alimaanisha.

"La, enda wewe," Subira alisema.

Ni lazima ieleweke kwamba Akello alilelewa kando ya barabara ya Kericho, na mama anayeuza mahindi ya kuchoma. Pale Awasi, ukiambiwa chukua hindi ukasema hapana, hindi hilo huwa limefika kwa mwingine kabla hujafunga mdomo. Hapana ni hapana, na maisha yanaendelea.

"Sawa," Akello alisema, na Mwalimu Aloo akaandika jina lake.

Tangu siku ile Subira hakumsemesha. Hakununa wala hakugombana. Alijibu alichoulizwa, akapitisha rula ilipoombwa, akaendelea kuwapima kuku kwa saa zake mwenyewe, na mtu wa kuwashika alikuwa msichana wa kidato cha kwanza. Akello aliutambua mchezo mara moja. Ulikuwa mzaha, tena wa kiwango cha juu, mzaha wa mtu mtulivu, na yeye kama bingwa wa fani hiyo aliupa heshima yake. Akangoja kilele. Kila asubuhi alifungua dawati kwa uangalifu akitarajia chura. Wiki ya kwanza ikaisha, ya pili ikaingia, na chura hakuja.

Sasa shule ilikuwa tupu, na Akello akagundua jambo ambalo hakuna kitabu kilichokuwa kimemtahadharisha nalo: mzaha unahitaji mtu wa pili. Jumamosi alibadilisha vibao vya milango ya vyoo na maktaba, akakaa kwenye ngazi kungoja. Hakupita mtu. Akavirudisha mwenyewe. Alitia chumvi kwenye kikombe chake cha chai, akageuka akatazama dirishani muda wa kutosha kusahau, kisha akanywa. Hakuwa amesahau. Bwalo lilikuwa kimya kiasi kwamba alisikia mate yake yakishuka.

Jumapili metroni alimhurumia, akamwita chumbani kwake wale pamoja. Bi Amirah alikuwa mtu wa Kisumu mjini, mtaa mmoja na kina Subira, na alipika chapati kama mtu anayemtafutia bintiye mchumba. Walikula kwa amani hadi ikabaki moja.

"Chukua, Metroni," Akello alisema.

"La, mwanangu, kula wewe."

Akello akaichukua. Alikuwa ameshaikunja na kuitia mdomoni alipoona uso wa metroni. Ulikuwa uso anaoujua. Alikuwa ameuona mbele ya ofisi ya walimu.

"Ndiyo umekula?" Bi Amirah aliuliza.

"Si umesema hupendi?"

"Nimesema la. Mara moja. Kwani mmelelewa wapi nyinyi, hamjui kumbembeleza mtu?" Akaanza kucheka, kwa kuwa ilikuwa chapati tu. Alimweleza kwamba kwao mtu mwenye adabu hakimbilii kitu. Akipewa hukataa, akishikiliwa hukataa tena, na ya tatu hupokea huku akilalamika. Nyanya wa mtaa ule wangeweza kukataa kikombe kimoja cha chai mpaka kikapoa. Anayekubali la ya kwanza ni kama amesema, nilitamani ukatae.

Akello alitafuna ile chapati muda mrefu sana. Haikuwa na ladha tena, lakini pia haikuwa kitu cha kutema mbele ya mtu.

Aliomba simu ya metroni, akapiga nyumbani kwa Subira. Mama mtu alipokea kwa upole, akamuuliza hali ya shule, hali ya Awasi, hali ya mama na mahindi, kisha akasema Subira yuko kwa nyanya yake, atapiga akirudi. Akello alikaa mlangoni kwa metroni simu ikiwa mapajani hadi mwenyewe alipoihitaji. Haikulia.

Jumatatu aliketi peke yake katika chumba cha kompyuta. Metroni alikuwa ameiwasha ile mashine, akamwombea dua, akaondoka. Kwenye skrini akatokea mwanamke mwenye nywele fupi, akasema yeye ni Daktari Nakhumicha, habari za asubuhi.

Katika shule ile mkubwa akikusemesha unasimama. Hakuna aliyewahi kufikiria kama sheria hiyo inahusu kompyuta. Akello akasimama wima, mikono ubavuni.

"Tunaona sweta," ikasema sauti ya mwanamume, ambaye baadaye alijitambulisha kuwa Daktari Simiyu. "Sweta nzuri. Ina uso?"

Akello akaketi. Daktari Nakhumicha akamwambia asiwe na wasiwasi, naye akasimama kuitikia. Ikawa hivyo, wakisema anapaa, wakinyamaza anatua, hadi alipokishika kiti kwa mikono miwili kama abiria wa bodaboda kwenye barabara ya Busia, na ndivyo alivyohojiwa.

Alijibu vizuri. Alieleza jinsi ya kuwanasa sam na jinsi ya kuwakausha kabla hawajaoza. Walipomuuliza faida ni nini, alisema omena waachiwe watu, na Daktari Simiyu akaiandika sentensi hiyo. Akello aliona kalamu yake ikienda. Mwisho wakamuuliza kama ana swali.

"Mnaweza kubadilisha jina?" alisema.

"Jina gani?"

"Langu. Muandike Subira Mukhtar. Hizo hesabu zote ni zake. Hata hiyo sentensi. Mimi nilishika kuku."

Hawakucheka. Daktari Nakhumicha alimweleza taratibu kwamba majina yalifungwa. Akijitoa, nafasi haiendi kwa mwenzake, inakwenda kwa shule nyingine iliyo nyuma yao. Kisha akamuuliza, bila ukali wowote, "Unajitoa?"

Hapo ndipo palipostahili jibu la kishujaa. Akello alilitafuta. Badala yake alikuta chumba cha Kisian, koti jeupe, na milango ya watu wanaolipwa kuuliza maswali, na jinsi alivyokuwa akivitaka vyote hivyo ikamwaibisha hata yeye.

"Hapana," alisema.

"Vizuri. Basi nikuambie, Ijumaa huwa tunapokea wageni. Rafiki yako akitaka kuja Ijumaa za Agosti, tutamfungulia lango. Jina hatuwezi kumpa."

Shule ilipojaa tena na mwalimu mkuu kusoma gwarideni barua ya Kisian kwamba Akello amekubaliwa, nusu ya wanafunzi walidhani Akello ameighushi barua, na walimpigia makofi kwa ustadi wa kazi. Nusu nyingine waliamini, wakanyamaza. Subira alipiga makofi kwa heshima, kiasi kile ambacho mtu humpigia mgeni wa serikali. Wiki zilizofuata Akello alimvizia bwaloni, maktabani, kwenye foleni ya maji, na kila mara alikuta watu wapo. Siku ya kufunga shule ndipo alipompata peke yake bwenini, amepiga magoti mbele ya sanduku.

"Ijumaa njoo Kisian," Akello alisema. "Nimeongea nao. Watakufungulia."

"La, asante."

Akello alikuwa amejiandaa. Akaketi kitandani kwa utulivu wa mtu anayejua njia. "Njoo, bwana. Mizani yao inapima hata unywele."

"Asante, Akello. La."

"Subira, nakuomba. Hii ni mara ya tatu."

Subira aliinua kichwa. "Unahesabu?"

"Metroni alinieleza. Alisema kwenu mtu hukataa kwanza. Mimi sikujua. Kwetu ukisema hapana tunamuuzia mwingine."

Kwa mara ya kwanza tangu siku ile, Subira alikaribia kutabasamu. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, na bila miwani uso wake ulikuwa wa mtoto.

"Siku ile ungeniuliza tena, ningekubali," alisema. "Nilikuwa nimeshaanza kukubali, ulipomwambia mwalimu sawa. Leo hata ukiuliza mpaka Krismasi nitasema la, na si adabu. Sitaki kwenda kuwa mgeni wa kuku wangu."

Akello alikuwa na mzaha mmoja mzuri sana kuhusu kuku, ulikuwa tayari kabisa ulimini. Aliumeza. Alimsaidia kufunga sanduku, kwa kulikalia, kwa sababu kufuli lake lilihitaji uzito wa mtu. Subira alimshukuru. Nje dereva wa basi la Kisumu alipiga honi, na Subira akaliburuta sanduku hadi mlangoni, akakataa kusaidiwa, akaenda.

Kisian walimpa koti jeupe lililomfika vifundoni. Walimpa chumba chenye dirisha linalotazama ziwa, na kinu cha kusagia wadudu. Watafiti walikuwa watu wazuri. Walimwita daktari wetu mdogo, wakamwachia nafasi mezani wakati wa chakula, wakaendelea na mazungumzo ya watoto wao na ada zao. Ijumaa ya kwanza Daktari Nakhumicha alipita mlangoni kwake.

"Mwenzako amekuja?"

"Hapana, Daktari."

"Labda Ijumaa ijayo."

"Labda," Akello alisema.

Daktari hakuondoka mara moja. Aliegemea mlango akimtazama akifanya kazi. "Unajua Mwalimu Aloo alituonya juu yako," alisema. "Alisema tufiche funguo. Alisema unaongea kuku wakasahau kutaga. Mbona sijakusikia?"

Akello alisema bado anazoea. Daktari akasema ni kweli, wiki ya kwanza ni ngumu, akamuuliza kama kuna anachohitaji. Akello alifikiri, akasema hapana, asante.

"Haya," Daktari Nakhumicha alisema, akaenda zake. Akello akamimina kikombe kingine cha sam kinuni, akasaga.