Ngazi ya Saba

Kikombe chenyewe kilikuwa cha bati, cheupe, kimebanduka rangi mdomoni, na kazi yake ilikuwa moja tu. Asubuhi ya kwanza tangu watoke hospitali, mama mkwe alikikinga chini ya titi la mkwewe.

"Kamua yote, mwanangu. Usibakize hata tone. Hiyo njano ni uchafu wa miezi tisa."

"Hospitali wamesema ndiyo chakula chake cha kwanza," mzazi akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Mama mkwe akacheka, kwa upendo kabisa. "Wale manesi wa juzi juzi tu. Mimi nimezaa saba."

Akatoka nje na kikombe, akamwaga juu ya jiwe la kufutia matope, chini ya ngazi. Mtoto akapewa maji ya sukari kwa kijiko.

Siku ya pili jiwe likawa na joto. Siku ya tatu lilikuwa limenenepa, na baada ya kumwagiwa likacheua. Mama mkwe akalipigapiga mgongoni kwa kiganja, akarudi jikoni kukoroga maji mengine ya sukari.

Mtoto alikuwa amelala. Alikuwa analala tu.

"Mpole huyu," bibi yake akasifu. "Hana makuu."

Mzazi akamgeukia mumewe, fundi wa mafriji, aliyekuwa anafunga kamba za viatu. "Zungumza na mama yako."

"Nimwambie nini mimi? Mwenzio kazaa saba."

"Wako wapi?"

Mume akafikiri, kisha akaonyesha nje kwa kidevu. Ngazi za nyumba ile zilikuwa sita, za mawe manene, laini, yenye joto hata kabla jua halijachomoza. Yeye alizaliwa wiki ambayo bibi yake, mshika kikombe wa enzi hizo, alivunjika kiuno, na hakuna aliyekumbuka kumwaga.

"Ndio nikabaki mimi," akasema. Akachukua begi lake la spana, akashuka kwa adabu, akiwakanyaga kaka na dada zake pembeni pembeni.

Mama mkwe alipoingia kuoga, mzazi alimpakata mtoto haraka haraka. Maziwa meupe yalikuwa yameshashuka, tele, mpaka gauni limelowa. Mtoto alifungua mdomo, akaligusa titi, akasahau alitaka kufanya nini.

Siku ya tano ikabidi wamfunge kwa shuka kitandani, feni isimpeperushe. Siku ya sita akaja nesi wa kupita majumbani, mizani begani. Akamlaza mtoto. Mshale haukusogea.

"Hii nayo imeshakufa," nesi akanung'unika, na ili aijaribu akapandisha lile jiwe la chini ya ngazi. Kilo tano kasoro kidogo.

"Ah! Huyu anaendelea vizuri. Mnampa nini?"

"Maziwa ya mama yake," mama mkwe akajibu. "Ya zile siku tatu za mwanzo."

"Hayo hayana mpinzani," nesi akasema. Akaandika kilo hizo kwenye kadi ya mtoto, kwa kuwa alikuwa na nyumba kumi na tisa mbele yake, na mchoro wa kadi ulianzia kilo mbili.

"Nesi," mzazi akaita.

"Mama?"

"Mtoto ni huyu."

"Naona, mama. Mfunike vizuri." Akafunga begi lake.

Mchana wa siku ya nane walikuta shuka limefungwa vilevile, fundo halijaguswa, na ndani hamna mtu. Mama mkwe alilia sana, machozi ya kweli. Jiwe lilipofikia ukubwa, mume aliliviringisha akalipanga chini ya mengine sita, na nyumba ikawa rahisi kidogo kupanda.

Jioni mzazi hukaa pale, matiti yamejaa, yanachuruzika yenyewe kupitia gauni. Jiwe linacheua. Naye, bila kuangalia, hulipigapiga.

Mama mkwe alikiosha kikombe, akakitundika msumarini, mdomo chini, kisiingie vumbi.

"Mwakani, Mungu akijalia," alisema, akimpapasa mkwewe bega, "utakuwa umeshazoea."