Fundo Linaloteleza

Nkonde alirudi na wavu wa tatu Jumatatu asubuhi, kabla Ackson Mwewa hajamaliza kufungua madirisha ya karakana. Alikuwa ameubeba kwa baiskeli kutoka kijiji cha Kabuta, umelowa na kujaa magamba, akaubwaga mlangoni kama mtu anayerudisha mzoga wa mbuzi kwa mwenyewe.

"Ba Mwewa, angalia! Hii ni wavu ao ni mulango? Samaki banaingia, banatusalimia, banatoka!"

Ackson aliinama, akaunyoosha kwa mikono miwili. Macho ya wavu yaliyotoka kwenye mashine yakilingana yote sasa yalikuwa kila moja na ukubwa wake. Mengine yalikuwa yamebanana, na mengine yangeweza kupitisha kichwa cha mtoto. Uzi wenyewe haukuwa umekatika hata mahali pamoja. Mafundo ndiyo yaliyokuwa yametembea.

"Mafundo inateleza, tata," alisema, akimwita baba kwa heshima.

"Ulisema hivyo kwa wavu ya kwanza. Ukasema kwa wavu ya pili. We unajua, basi rekebisha! Mi nimelala njaa juu ya utafiti yenu."

Ackson aliuokota wavu. Kujua alijua. Kurekebisha ndiko alikokatazwa.

Ilikuwa mwaka 1957. Kampuni moja ya nyuzi kutoka ng'ambo ilikuwa imefungua karakana ya utafiti hapo Nchelenge, hatua chache kutoka Ziwa Mweru, ili kujua kama nyavu za nailoni zinaweza kufumwa kwa mashine papo hapo Mweru badala ya wavuvi kukaa majuma wakifunga fundo moja moja la uzi wa pamba. Mashine ililetwa na lori vipande vipande. Aliyeiunganisha ni Ackson. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na saba kati ya hiyo alikuwa ameitumia Elisabethville katika karakana ya treni, akichonga vyuma kwa tupa mpaka vinaingiana bila kupitisha hata unywele. Alisoma michoro ya Kifaransa na ya Kiingereza. Kwenye karatasi yake ya ajira palikuwa pameandikwa: boi wa mashine.

Mhandisi aliitwa Bwana Tarrant, kijana mwembamba aliyeungua pua, mwenye homa kila mwezi. Hakuwa mtu mbaya. Ila alikuwa amejifunza ile lugha ya kuamrishana ya migodini, na aliitumia kwa kila mtu, hata Ackson alipomjibu kwa Kiingereza safi. Miaka miwili walikuwa wakizungumza hivyo, mmoja akipanda ngazi na mwingine akishuka, wasikutane.

Siku hiyo Ackson alimfuata ofisini na ule wavu begani, maji yakimchuruzika mgongoni.

"Bwana, fundo hili ni la uzi wa pamba. Pamba ina manyoya, inajishika. Nailoni ni laini. Mashine inazungusha uzi mara moja tu. Lazima izungushe mara mbili."

Tarrant hakuinua macho. "Wavu huu ulipimwa?"

"Ulipimwa."

"Ulifaulu?"

"Ulifaulu, Bwana, lakini..."

"Basi wavuvi wako wanaukokota kwenye mawe. Waambie wasiukokote kwenye mawe."

Kwa Kabuta hakuna mawe. Ni mchanga na matope mpaka maji yanamfika mtu shingoni. Ackson alirudi karakana akautupa wavu chini kwa nguvu hata Maggie Ngosa akaruka kwenye kiti chake.

Maggie ndiye aliyekuwa mpimaji. Alimaliza darasa la sita kwa wamisheni, mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mhandisi, na kazi yake ilikuwa kuning'iniza vipande vya wavu kwenye mizani ya chuma, kuongeza uzito kidogo kidogo, na kuandika fundo lilianza kuteleza kwa uzito gani. Kila kipande kilifaulu, miezi minne mfululizo.

"Amesema nini?" aliuliza.

"Amesema ulifaulu."

"Ulifaulu ukiwa mukavu!" Maggie aligonga meza kwa kalamu. "Mimi napima wavu mukavu. Nani anavua samaki ku inchi kavu? Juma lililopita nililoweka kipande mu ndoo usiku kucha, nikakipima. Fundo lilitembea kwa nusu ya uzito. Nikaenda kumwonyesha. Unajua alinijibu nini? Fomu haina nafasi ya kuandika maji."

"Haina nafasi?"

"Fomu ilichapwa Ulaya. Kuna nafasi ya tarehe, ya uzi, ya uzito. Ya maji hakuna. Alisema nikiandika pembeni, bantu ya Ulaya batachanganyikiwa."

Ackson alicheka kicheko kisicho na furaha. Kisha akaenda kusimama mbele ya mashine akaitazama.

Ndani yake kulikuwa na gurudumu dogo la chuma lenye nundu moja. Kila lilipozunguka, ile nundu ilisukuma kulabu, na kulabu ikauzungusha uzi mara moja, ikauachia. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo, mahali padogo kama kiganja cha mkono. Gurudumu likiwa na nundu mbili, ya pili fupi kuliko ya kwanza, kulabu ingerudi tena kabla ya kuachia. Alikuwa ameliona hilo tangu wavu wa kwanza. Aliomba ruhusa mara tatu, na mara tatu akaambiwa mashine ilibuniwa na watu wenye shahada.

Siku ya Jumatano Tarrant alipanda lori kwenda Fort Rosebery kutibiwa homa. Alisema atarudi baada ya siku nane.

"Ba Maggie," Ackson alisema lori lilipopotea, "mimi sasa nitafungua hii mashini. Kama unataka kwenda nyumbani, nenda. Utasema haukuona."

Maggie alivuta ndoo karibu. "Nitasema niliona. Chonga."

Alitafuta chuma kigumu akakipata kwenye springi ya lori bovu lililotelekezwa nyuma ya soko la samaki. Alikichoma mpaka kikalainika, akakikata kwa msumeno, akakibana kwenye jiliwa na kuanza kukipiga tupa. Siku mbili alipiga tupa. Mikono ilimvimba. Mkewe alimwuliza kama sasa anawachimbia wazungu makaburi yao, maana anarudi nyumbani mweusi hata kwenye meno.

Gurudumu la kwanza lilikuwa baya. Nundu ya pili ilikuwa ndefu mno, kulabu ikarudi kwa kishindo, na sindano tatu za kufumia zikavunjika kwa mpigo mmoja. Sindano hizo zilitoka ng'ambo na zilichukua miezi mitatu kufika. Ackson alikaa chini sakafuni. Alitukana kwa Kibemba, akatukana kwa Kiswahili, na alipoishiwa akamalizia kwa Kifaransa cha Elisabethville. Maggie alimwacha amalize.

"Ndefu kwa kiasi gani?" aliuliza baadaye.

"Unene wa kucha."

"Basi si mbaya. Mi nilifikiri utasema unene wa kidole."

Alichonga la pili. Safari hii alipunguza kidogo, akajaribu kwa kuzungusha mashine kwa mkono, akatoa, akapunguza tena, mara kumi na tisa kwa hesabu ya Maggie. Jumanne saa nne asubuhi aliiwasha. Ikagonga, ikasita, ikashika mwendo. Wavu ukaanza kutoka, yadi moja, mbili, kumi. Maggie alikata kipande kabla hakijapoa, akakizamisha ndooni mpaka mchana, akakitundika kwenye mizani kikichuruzika. Akaongeza uzito. Akaongeza tena. Uzi ulikatika. Fundo halikusogea.

Hawakupiga kelele. Maggie aliandika namba ile, akaipigia mstari mara mbili, kisha akageukia dirisha akajifuta uso kwa ncha ya chitenge.

Walimpa Nkonde yadi arobaini. Aliupokea kwa mashaka, akauvuta kwa meno, akasema kama huu nao ni mlango ataleta mke wake aongee nao, maana yeye amechoka. Akaenda kuutega upande wa kisiwa cha Kilwa humo ziwani, penye mawimbi.

Tarrant alirudi siku mbili kabla ya ahadi yake. Aliingia karakana, akaona sindano tatu zilizovunjika juu ya benchi, akawa mweupe, kisha mwekundu.

"Nani amegusa mashine?"

"Mimi, Bwana," Ackson alisema.

"Nani alikupa ruhusa?"

"Hakuna."

"Umefukuzwa."

"Sawa. Lakini kwanza pima hicho kipande."

Labda ni uchovu wa homa, labda ni vile Maggie alivyosimama katikati ya mlango na ndoo yake. Tarrant alipima. Alipima kikavu, akapima kilicholowa. Akapima kipande cha zamani kilicholowa, akaona kwa macho yake fundo likiteremka kama shanga kwenye uzi. Alirudia mara sita. Kisha alivuta kiti akakaa, akashika kichwa.

"Miezi minne," alisema kwa Kiingereza. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia Ackson jambo kwa lugha hiyo. "Miezi minne nimewaandikia kwamba nyavu ni nzima."

Siku tatu baadaye Nkonde alileta wavu. Ulikuwa umepasuliwa na mamba upande mmoja, lakini macho yake yalilingana vilevile. Aliomba mwingine, tena mrefu zaidi, na akalalamika kwamba huu umevua samaki wengi mno hata mtumbwi ukaingiza maji.

Habari ya kufukuzwa haikutajwa tena, na ungedhani mambo yaliishia hapo. Tarrant aliandika ripoti, na ng'ambo wakajibu kwa simu ya maandishi: tumeni mchoro wa hilo gurudumu. Sasa mchoro haukuwepo. Gurudumu lilikuwa limechongwa kwa jicho na vidole vya Ackson. Tarrant alijaribu kulipima mwenyewe, akachora, na mchoro wake ulipochongwa ulivunja sindano ya nne.

"Chora wewe," alisema hatimaye.

"Nitachora, Bwana. Lakini kuna kona ya chini ambapo panaandikwa jina la aliyebuni. Jina langu litakaa pale."

"Haiwezekani. Kwenye vitabu wewe si mbunifu. Wewe ni..." 

"Sema tu, Bwana. Mimi ni boi wa mashine. Basi boi hajui kuchora."

Ackson alirudi kufagia vipande vya chuma. Siku nne hakuchora. Simu nyingine ikaja, kali kuliko ya kwanza. Tarrant alizunguka karakana kama kuku anayetafuta pa kutagia, akaandika barua, akaichana. Siku ya tano aliweka karatasi kubwa nyeupe mbele ya Ackson. Konani, kwa penseli hafifu, palikuwa pameandikwa A. Mwewa.

Ackson aliomba wino. Aliandika juu ya penseli jina lake zima, herufi kubwa, akangoja likauke. Ndipo alipoanza kuchora. Chini ya jedwali la namba, Maggie aliongeza safu mbili, kavu na iliyolowa, akatia sahihi yake pia bila kumwuliza mtu.

Mwezi wa Septemba barua ilikuja ikiwa na jina lake juu ya bahasha, Bwana A. Mwewa. Ng'ambo walimtaka aende Ndola, ambako mashine nne zilikuwa zinafungwa, akachonge magurudumu yake na kufundisha mafundi. Tarrant aliisoma mara mbili.

"Wanafikiri wewe ni mzungu," alisema polepole.

"Hawakuuliza."

Walipojua kuwa si mzungu, barua zilianza. Cheo cha fundi wa utafiti hakikuwepo kwa Mwafrika. Kikatafutwa kingine. Hicho nacho kilihitaji cheti, na cheti cha Elisabethville kilikuwa cha Kifaransa, kikapelekwa kutafsiriwa, kikapotea, kikaombwa upya. Mambo hayo yalikula miezi yote iliyobaki ya mwaka. Ackson alikuwa na hasira kila siku, hasira ndogo isiyotoka, kama mchanga ndani ya kiatu. Tarrant naye aliandika barua kumi na moja kwa ajili yake, na katika ya mwisho, Maggie aliyeipiga chapa alisema, hakukuwa na adabu hata kidogo. Ndipo barua ya kumruhusu aende ikaja.

Maggie alibaki na mashine ya Nchelenge. Mtu mwingine aliletwa kuiendesha, lakini kila kipande kilipita kwenye ndoo yake kwanza, na fomu mpya zilipokuja kutoka ng'ambo zilikuwa na safu zake mbili.

Ackson alifika Ndola Januari, mvua ikinyesha, na sanduku la tupa zake mkononi. Bwana stoo wa karakana, mzee wa Kizungu mwenye miwani, alimtazama kutoka miguuni hadi kichwani, akamnyooshea ufagio na kumwonyesha lundo la vyuma pembeni.

Ackson aliupokea ufagio. Akauegemeza ukutani taratibu usianguke, akatoa barua mfukoni na kuiweka mezani juu ya daftari la mzee.

"Habari za asubuhi," alisema kwa Kiingereza. "Jiliwa kubwa iko wapi? Nina magurudumu manne ya kuchonga, na nimeshachelewa miezi minne."