Kijana wa Nne Mwenye Maono

Mshauri wa ajira pale chuoni alikuwa na wimbo mmoja tu: jinadini! Usipojinadi mwenyewe, nani atajua upo? Siku ya mwisho akarusha kwenye grupu la darasa mfano wa wasifu, mfano tu jamani, watu waone unavyokaa. Darasa zima likaubeba mzimamzima. Badilisha jina, badilisha namba ya simu, basi, kazi imeisha.

Chapchap naye akaubeba. Jina hilo alipewa na shangazi yake, fundi cherehani anayeishi naye, kwa jinsi vidole vyake vinavyokimbia kwenye simu. Maombi ya kazi alishatuma mengi, majibu kimya. Leo ndiyo kaitwa mara ya kwanza: kampuni ya kusafirisha vifurushi, huduma kwa wateja, nafasi moja. Akiikosa, shangazi keshasema, anakalishwa kwenye cherehani. Na yeye hata kifungo kinamshinda!

Meneja, mama wa makamo, miwani imemshukia puani, akasoma kwa sauti: "'Mimi ni kijana mbunifu, mwenye maono, ninayewaka kwa shauku ya kuleta mabadiliko.'" Akaiweka karatasi juu ya nyingine tatu. "Mwanangu, wewe ni wa nne kuwaka humu leo. Mtatuunguzia ofisi."

Jasho likamtoka Chapchap mpaka masikioni. Abishe? Abishe nini, na ushahidi uko mezani?

"Tumenakili, mama. Ni mfano wa mshauri wetu."

"Afadhali wewe umesema. Wenzako wameniapia kwamba wameandika wenyewe." Meneja akavua miwani. "Haya, tuache maono. Nyumbani unafanya nini?"

"Najibu meseji za wateja wa shangazi. Anashona nguo."

"Wanasemaje?"

"Wanatukana, mama. Nguo zinachelewa."

"Hebu nione."

Chapchap akafungua simu. Mteja mmoja alikuwa ameandika: *Matapeli wakubwa! Sherehe kesho, gauni liko wapi?* Chapchap akamjibu: *Dada, una haki ya kukasirika. Gauni lina mkono mmoja, wa pili unashonwa sasa hivi, picha hiyo hapo. Jioni nakuletea mwenyewe. Lisipokukaa, nakuja na fundi.* Mteja: *Haya. Ila mwambie shangazi yako nimemnunia.*

Meneja akacheka mpaka akashika meza. "Sasa hii mbona hukuiandika?"

"Nilidhani si kazi, mama."

"Mteja wangu akikosa kifurushi anatukana hivihivi. Njoo Jumatatu. Mwezi mmoja wa majaribio."

Nje ya geti akampigia shangazi, akipiga kelele hadi mlinzi akageuka. Shangazi naye akashangilia weee, kisha akakatisha ghafla.

"We Chapchap."

"Abee, shangazi."

"Sasa mimi nitajibiwa na nani? Hapa mlangoni kuna baba anataka suruali yake."

"Imefikia wapi?"

"Hata kitambaa sijakikata."

"Mwambie ukweli, shangazi."

"Ukweli? Mimi? Shika simu, baba, ongea na huyu."